Mbawakawa wa ardhini katika msitu wa asili: mwongozo kamili wa kumtafuta, kumnasa na kumhesabu

Msimu wangu wa kwanza nilichimbia vikombe 20 msituni, nikavikagua kila asubuhi kwa siku 8, na nilichoambulia ni sisimizi, buibui na majani. Nikaandika daftarini kwamba msitu ule hauna mbawakawa wakubwa wa ardhini. Usiku wa 9 nilirudi na tochi niliyoifunika karatasi nyekundu, nikachuchumaa pembeni ya kikombe kimoja na kungoja. Mbawakawa mweusi, mrefu kama pingili ya kidole gumba, akatoka chini ya gogo mbio mbio moja kwa moja hadi kwenye kikombe. Vipapasio vyake vikagusa ukingo wa plastiki. Akasita, akauzunguka nusu duara akiupapasa, kisha akaenda zake. Ukingo ule ulikuwa umeinuka juu ya udongo kwa unene wa ukucha tu.

Nilikifuta nilichoandika. Tangu siku hiyo nikikuta vikombe vitupu, nauchunguza kwanza mtego wangu kabla ya kuusingizia msitu.

Mjue kwa mwendo, kisha kwa mwili

Jamii ya Carabidae, ndiyo mbawakawa wa ardhini, ina spishi zipatazo 40,000 zilizokwisha kuelezwa, kwa hiyo usitegemee rangi. Wengi wa msituni ni weusi au wa hudhurungi iliyokolea. Wengine hung'aa kama shaba, kijani au zambarau. Mwendo utakusaidia zaidi. Ukifunua gogo, mende huchomoka na kupotelea kwenye ufa wa karibu. Mbawakawa wa jamii ya Tenebrionidae, anayefanana sana na huyu wetu, hujikokota au hujifanya amekufa. Wa ardhini hukimbia kwa miguu mirefu, husimama ghafla kana kwamba amekumbuka jambo, hukimbia tena.

Ukishamtia kwenye chupa, chukua lenzi ya mkono. Vipapasio vyake ni vyembamba kama uzi, kila kimoja kina pingili 11, na vimeota ubavuni mwa kichwa kati ya jicho na taya. Taya zenyewe hutazama mbele. Miguu yote huishia kwa pingili 5 ndogo. Tenebrionidae wana 5 miguu ya mbele na ya kati, lakini 4 ya nyuma. Kisha mgeuze chali. Mguu wa nyuma unapoanza, chini ya paja, utaona kipande kinene chenye umbo la haragwe, na sahani ya kwanza ya tumbo imekatwa katikati na viungo vya mwanzo vya miguu hiyo. Alama hii ya tumboni ndiyo ninayoiamini kuliko zote, maana mgongo hudanganya.

Mtazame pia lava wake, yaani mtoto ambaye bado hajawa mdudu mzima, ambaye watu wengi humtupa wakidhani ni mnyoo. Ni mrefu na bapa, ana miguu 6 na taya zilizopinda, na mwishoni mwa mwili ana mikia 2 mifupi. Huyu naye huwinda, na humaliza utoto wake wote udongoni. Kumpata lava ni ushahidi kwamba spishi inazaliana pale pale, jambo ambalo mbawakawa mzima mmoja aliyepita njia hawezi kukuthibitishia.

Na kuna jambo la mabawa, ambalo ndilo linalofanya kazi hii yote itake uangalifu. Spishi nyingi za misitu mikongwe haziruki. Mabawa ya ndani yamebaki vikonyo, na kwa baadhi yao yale magamba magumu ya mgongoni yameshikana kabisa. Misuli ya kurukia hula chakula kingi, na mdudu anayeishi mahali pasipobadilika kwa karne nyingi hana safari ya kumlazimu awe nayo. Mbawakawa wakubwa wa jenasi Mecodema huko New Zealand ni wa namna hii: hawaruki, huwinda usiku, na panya walioletwa na watu huwala kwa urahisi. Kipande cha msitu kikikatwa pande zote na mbawakawa wake wakaisha, hakuna watakaoruka kutoka kipande cha pili kuja kujaza nafasi. Kwa hiyo kila kielelezo unachokiua kina uzito kuliko kipepeo uliyemdaka kwa wavu.

Pata ruhusa, chagua mahali na wakati

Misitu mingi ya asili ni hifadhi, na kuchimba mashimo au kuchukua wadudu ndani yake huhitaji kibali. Kiulizie mapema, uwe nacho mfukoni.

Ingia ndani, angalau mita 50 kutoka ukingoni au njia kubwa ukiweza. Pembezoni utanasa zaidi wale wa mashamba na nyasi, wanaoingia hatua chache tu, nao watakupotosha kuhusu msitu wenyewe. Tafuta dalili hizi: magogo yaliyolala miaka mingi na kuanza kumomonyoka, tabaka nene la majani yenye unyevu chini, mabonde madogo, mawe yaliyozama nusu, mizizi mikubwa yenye mapango. Palipofagiliwa na maji ya mvua hadi udongo mtupu, pita.

Majira yanayofaa ni yale ya joto na unyevu kwa pamoja. Katika nchi za baridi ni tangu majani yanapochipua hadi yanapoanza kupukutika. Katika nchi za joto ni majira ya mvua na wiki chache baada yake. Usiku wa kwanza baada ya mvua nzito kukatika huwa na shughuli nyingi. Wakati wa ukame wanajichimbia chini, na usipowapata usiandike kwamba hawapo.

Anza kwa mikono

Kabla ya kuchimba chochote, tumia siku nzima kupekua. Lala chini ukiweza. Nusu ya kazi hii hufanyika kwa magoti.

Gogo livute kuelekea kwako, upande wa mbali ubaki chini, ili chochote kilichojificha, hata nyoka, kikimbilie upande usiokuwa wako. Hesabu polepole hadi 30 kabla ya kuangalia kwingine, kwa sababu wapo wanaotulia kimya hadi waone hatari imepita. Kisha lirudishe gogo vile vile, juu ibaki juu na chini ibaki chini. Nimeona misitu iliyopekuliwa na watu wenye bidii na nia njema, magogo yote yamegeuzwa na kuachwa chali, na maisha yaliyokuwa chini yake yamekauka kwa siku 2.

Majani yapekue kwa chekeche yenye matundu ya sentimita 1 hivi. Jaza konzi kadhaa, tikisa juu ya kitambaa cheupe, ngoja. Wadogo wa milimita 3 au 4 wataonekana tu wanapoanza kutembea, nao huanza wakati uvumilivu wako umekwisha.

Usisahau miti. Jina la mbawakawa wa ardhini ni la mazoea. Katika misitu ya joto wengi huishi chini ya magome au juu kabisa kwenye matawi. Terry Erwin, mtaalamu wa jamii hii hii wa Marekani, alipuliza dawa kwenye vilele vya miti 19 ya spishi moja huko Panama, akahesabu mbawakawa wa kila aina walioanguka, na mwaka 1982 akakadiria kwamba dunia inaweza kuwa na spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao wa nchi za joto. Makadirio ya baadaye yalishuka sana, lakini baada yake hakuna aliyeweza kupuuza yaliyoko juu. Hata Carabus intricatus wa misitu ya mialoni na ya mibuki huko Ulaya, anayelala chini ya magogo na magome, hupanda mashina usiku akiwafuata konokono wasio na gamba. Kwa hiyo usiku mulika mashina tangu mizizi hadi usawa wa macho.

Kuchimbia kikombe

Mtego wa shimo ni kikombe kilichozama ardhini, mdudu anayetembea anatumbukia. Wataalamu wengi huuita mtego wa Barber, kwa jina la Mmarekani aliyeueleza mwaka 1931 kwa ajili ya wadudu wa mapangoni. Ni rahisi mno kuutengeneza, na kwa sababu hiyo hiyo watu wengi huutengeneza vibaya.

1. Chukua vikombe vya plastiki laini vyenye mdomo wa sentimita 7 hadi 10 na kina kisichopungua sentimita 10. Kwa kila mtego tumia 2, kimoja ndani ya kingine. Cha nje hubaki udongoni kikishikilia shimo, cha ndani unakitoa na kukirudisha bila kubomoa kitu. Toboa matundu madogo chini ya cha nje. Cha ndani pia kama hutakitia maji.

2. Kata shimo kwa kisu kirefu au koleo dogo, jembamba kadiri inavyowezekana. Udongo utie kwenye mfuko, usiutupe pembeni, maana udongo mpya uliotawanyika huvuta baadhi ya wadudu na kuwafukuza wengine.

3. Zamisha vikombe. Hapa tulia. Ukingo lazima uwe chini ya uso wa ardhi kwa milimita 1 au 2, kamwe usiwe juu. Ziba mwanya wote kati ya kikombe na udongo kwa udongo ule ule, ukishindilia kwa kidole kuzunguka. Pitisha kidole kutoka kwenye majani kuingia kikombeni ukiwa umefumba macho. Kikikwama mahali popote, mbawakawa naye atakwama hapo hapo, rudia.

4. Rudisha majani hadi karibu na ukingo, lakini yasining'inie ndani yakawa ngazi.

5. Weka paa: kipande cha gome au sahani juu ya vijiti 3, kikiinuka sentimita 2 au 3. Kinazuia mvua, majani na ndege.

6. Msituni mkiwa na virukanjia, vyura au mijusi wadogo, laza juu ya mdomo wavu wa waya wenye macho ya sentimita 2 hivi. Mbawakawa mkubwa atapenya; wengi wa hao wengine hawatapenya. Kirukanjia akikaa saa chache bila chakula hufa, na kumkuta asubuhi amelala upande mmoja kati ya majani si jambo la kusahaulika.

Panga mitego kwa mstari au kwa gridi, mita 10 au zaidi kati ya mmoja na mwingine, ili isinyang'anyane wadudu wale wale. Mitego 20 inatosha kwa mtu mmoja. Ipe namba, funga utepe kwenye tawi lililo karibu, chora ramani. Usiamini kumbukumbu yako: baada ya mvua moja msitu wote hufanana.

Kisha ifunike yote na uondoke kwa wiki nzima. Siku za kwanza baada ya kuchimba, idadi ya wanaonaswa hupanda isivyo kawaida kwa sababu ya udongo uliovurugwa. Ukianza kuhesabu siku hiyo hiyo, hutajua unapima msitu au unapima jembe lako.

Mkavu au wenye maji?

Kwa mtu anayejifunza, na kwa msitu wowote wenye spishi zisizoruka, nasema mkavu. Tia ndani konzi ya majani yenye unyevu na kipande cha gome ili wapate pa kujificha, la sivyo utamkuta mmoja mnene na mabaki ya magamba ya wengine 5. Mbawakawa hawa wengi ni wala nyama wasio na urafiki; spishi kubwa humtemea windo vimeng'enya, humsaga nje ya kinywa, kisha hufyonza supu yake. Mtego mkavu lazima ukaguliwe kila asubuhi. Huwezi kwenda? Funga vikombe siku hiyo.

Mtego wenye maji huua na kuhifadhi, nao una nafasi yake pale mtafiti anapohitaji kulinganisha maeneo mengi kwa wiki kadhaa na ameruhusiwa. Ukilazimika, tumia propilini glikoli au maji yaliyokolea chumvi, na tone la sabuni isiyo na harufu ili wazame. Epuka ethilini glikoli ya kwenye rejeta: ni tamu, na huua wanyama wanaoinywa.

Chambo nakushauri usitie. Nyama iliyooza huleta walaji mizoga na wanyama watakaofukua vikombe vyako vyote kwa usiku mmoja.

Asubuhi ya ukaguzi

Fika mapema, kabla jua halijapasha vikombe. Kwa kila mtego fuata utaratibu ule ule: andika namba, toa kikombe cha ndani, mimina kwenye beseni jeupe lenye kuta ndefu, panga waliomo kwa haraka, andika, piga picha, waachilie hatua 2 kutoka mtegoni chini ya majani, rudisha kikombe, pitisha kidole ukingoni. Usiwarudishe nyumbani kwako kwanza ili "uwaangalie vizuri". Asiye na mabawa ukimwachilia mita 500 mbali umemhamisha.

Mshike kwa vidole 2 ubavuni, nyuma ya kifua, au mwingize kwenye chupa. Kibano cha chuma kinavunja miguu. Usimlete karibu na uso. Mwishoni mwa tumbo ana tezi 2 zinazorusha kemikali, na kwa spishi nyingi ni asidi ya fomiki au jamaa zake. Mimi niliwahi kufungua chupa yenye wawili na kuinusa, macho yakatoa machozi hadi tunamaliza mstari. Wale wa kundi la Brachinus huchanganya kemikali zao mwilini zikalipuka kwa mlio, na mvuke wake hufikia nyuzijoto 100 hivi. Vidole vitabaki na madoa ya hudhurungi kwa siku kadhaa.

Picha zipige 4: kutoka juu kabisa wima, ubavuni, tumboni, na kichwa pamoja na ngao ya kifua kwa karibu, zote zikiwa na rula ndani. Umbo la ngao ya kifua, mistari ya mgongoni na vinyweleo vyake virefu ndivyo wataalamu huvitumia kutenganisha spishi, na picha nzuri iliyopigwa mshazari haivionyeshi. Angalia pia nyayo za mbele: kwa spishi nyingi, za dume zimetanuka na zina vinyweleo vya kunatia chini yake, vya kumshikilia jike. Andika jinsia.

Daftarini yaingie tarehe, namba ya mtego, hali ya hewa ya usiku uliopita, spishi au jina lako la muda, idadi, dume au jike. Jina la muda si aibu. "Mweusi mkubwa mabega duara" aliyepigwa picha vizuri ana faida kuliko jina la Kilatini ulilobahatisha.

Namba zako zinasema nini

Hesabu kwanza juhudi. Mitego 20 iliyokaa wazi usiku 10 ni usiku-mitego 200. Vikombe vilivyofukuliwa au kujaa maji vitoe. Gawanya idadi ya walionaswa kwa usiku-mitego, ndipo unaweza kulinganisha mwaka huu na mwaka ujao.

Lakini mtego huu hauhesabu mbawakawa walioko, unahesabu wanaotembea. Usiku wa joto hutembea zaidi. Madume wakitafuta majike hutembea zaidi. Mwenye njaa hutembea zaidi kuliko aliyeshiba, kwa hiyo sehemu yenye chakula tele inaweza kukuletea wachache. Spishi kubwa hunaswa kuliko ndogo. Ukisema "spishi A ni wengi mara 5 kuliko B" kwa kutazama vikombe tu, umesema usichokijua. Kulinganisha spishi ile ile, kwa mitego ile ile, majira yale yale, hapo uko salama zaidi.

Ukitaka idadi, tia alama. Tone dogo la rangi ya kudumu isiyo na harufu kali juu ya gamba la mgongoni, likauke kabla ya kumwachilia. Tuseme umewatia alama 24. Baada ya siku 5 unanasa 30, kati yao 6 wana alama. Zidisha 24 kwa 30, gawanya kwa 6, unapata 120. Waliorudi wakiwa wachache hesabu hiyo huvimba, kwa hiyo ongeza 1 kwa kila namba na upunguze 1 mwishoni: 25 mara 31, gawa kwa 7, toa 1, unabaki na karibu 110. Hesabu hii inadhani hakuna aliyezaliwa, aliyekufa wala aliyehama katikati, ndiyo sababu siku ziwe chache.

Unapolazimika kuchukua kielelezo

Zipo spishi zisizotenganishwa bila hadubini, mara nyingi kwa viungo vya uzazi vya dume. Chukua dume 1 au 2, si 10. Carabus olympiae, mbawakawa mzuri wa bonde la Sessera kaskazini mwa Italia aliyeelezwa mwaka 1855, aliandamwa na wakusanyaji hadi akadhaniwa ametoweka. Alionekana tena mwaka 1942. Alikuwa akiishi bonde lile tu.

Kwa kuhifadhi haraka tumia alkoholi ya asilimia 70. Kama kuna atakayepima DNA, asilimia 95 au zaidi. Wa kukausha hufishwa kwenye friza, kisha huchomwa pini kwenye gamba la kulia, kamwe si katikati. Lebo iandikwe kwa penseli au wino usiofutika: nchi, mahali, viwianishi vya ramani (latitudo na longitudo), mwinuko, tarehe, namna alivyonaswa, jina la aliyemnasa. Bila lebo ni gamba tu. Kipeleke kwenye makumbusho au chuo chenye mkusanyo, wala kisibaki kwenye droo yako.

Kufunga kazi

Toa vikombe vyote, na uvihesabu kwa namba zake kabla ya kuondoka. Kikombe kimoja kilichosahauliwa huendelea kunasa kwa miezi, bila mtu wa kuwaachilia. Rudisha udongo uliouweka kwenye mfuko, shindilia, tandaza majani, toa vijiti na utepe. Ukiwa na mpango wa kurudi mwaka ujao, acha kikombe cha nje mahali pake, kijaze udongo hadi juu na kukifunika kwa mfuniko unaobana, kisha fukia. Siku ya kukifungua tena, pitisha kidole ukingoni: mvua za mwaka mzima zitakuwa zimeosha udongo, na ukingo utakuwa umeinuka.